Maweni: ukame unaoishi chini ya mvua

Aprili mwaka mmoja mvua ya masika ilinikuta kwenye njia ya maweni, ile ardhi ya jiwe tupu, inayotoka Jambiani, pwani ya kusini mashariki mwa Unguja, kwenda ndani, nikajibanza kwenye shina la mbuyu. Ilinyesha saa nzima bila kupumua. Ilipokatika nilikunja suruali nikijua nitarudi nikivuka madimbwi. Sikuvuka hata moja. Jiwe lilikuwa limelowa, linang'aa, lakini maji yenyewe hayakuwapo. Nilipoinama kwenye ufa mmoja niliyasikia yakidondoka huko chini, tone kwa tone, kama mtu anayesahau kufunga bomba. Baada ya nusu saa jua lilichomoza na jiwe likarudi rangi yake ya kijivu. Jioni nilipofika mjini, watu walikuwa wanavuka barabara maji yakiwafika magotini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali moja ambalo hesabu yake kwa juu juu haikubali. Unguja hupata kwa wastani karibu milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Dodoma, ambayo kila mtu anaijua kwa ukavu wake, haifikishi 600. Jangwa, kwa kipimo kinachotumika sana, ni pahala pasipopata zaidi ya 250. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja hupata pungufu kidogo kuliko upande wa mikarafuu, lakini bado ni mvua ya kuotesha msitu mrefu. Mbona basi ukiupita msitu wa Jozani ukielekea Paje, au ukikata kwenda Michamvi, unakutana na vichaka vya kimo cha mtu, majani madogo magumu, miiba, mibuyu iliyosimama mbalimbali, na mimea ambayo jamaa zake wengine wanaishi majangwani?

Jibu ni kwamba mmea haunywi mvua iliyonyesha. Unakunywa maji yaliyobaki pale mizizi ilipo. Na maweni hayabakishi kitu.

Wakulima wa Unguja walilijua hili zamani sana, na ukitaka kuona namna walivyolijua, angalia majina waliyoipa ardhi. Kinongo ni ule udongo mwekundu wenye rutuba. Kinamo ni unaonata na kushika maji. Mchanga unajieleza wenyewe. Uwanda ni pale udongo ulipokuwa mwembamba juu ya jiwe, na maweni ni pale jiwe lilipojitokeza lenyewe, udongo umebaki kwenye vishimo tu. Wataalamu wa udongo walipokuja kuchora ramani zao waliyachukua majina haya haya, kwa sababu hawakuwa na yaliyo bora zaidi.

Jiwe lenyewe lilikuwa matumbawe. Sehemu kubwa ya lile la karibu na pwani ilijengwa na viumbe wa baharini takribani miaka 125,000 iliyopita, bahari iliposimama mita kadhaa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakafa, yakabaki juani yakawa mwamba wa chokaa. Ukilitazama kwa karibu utaona bado lina sura za zamani: hapa kipande chenye matundu kama sega la nyuki, pale gamba la chaza limegandia humo humo. Kisha mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi njiani, na nyingine zaidi yakipita kwenye majani yaliyooza, yakawa asidi hafifu mno. Asidi hiyo huila chokaa polepole. Ndiyo inayolichonga jiwe likawa na ncha za kukata viatu, ndiyo inayopanua nyufa, na ndiyo iliyochimba mapango ambayo kusini na mashariki yako karibu kila kijiji. Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya katikati kuelekea mashariki hufika penye jiwe, vikazama, visionekane tena.

Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinipeleka kwenye pango ambalo yeye na wenzake walikuwa wakichota maji kabla ya mifereji kufika. Tulishuka kwa kushikilia mizizi. Nilimuuliza, "Bibi, maji haya yanatoka wapi?" Akaniambia, "Ya mvua, mjukuu wangu. Yametutangulia tu." Sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Maji ya mvua yakishuka hukutana chini na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe kutoka pembeni. Yale matamu ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya chumvi. Kanuni yake ni ya kushangaza: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo zinazoisukuma chumvi chini. Ni akiba kubwa, lakini imeelea. Visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka bahari inapojaa na kupwa, na kisima kinachovutwa kupita kiasi huanza kuonja chumvi.

Kwa hiyo mti wa maweni umekaa juu ya maji mengi usiyoyafikia, na udongo wake mara nyingi hauzidi kina cha kiganja. Udongo huo ukilowa leo, kesho kutwa umekauka. Kwa mti wa bondeni, wiki mbili bila mvua ni mapumziko. Kwa mti wa maweni ni kiangazi kamili, na kaskazi hudumu zaidi ya wiki mbili: tangu Disemba hadi Machi jiwe linapikwa mchana kutwa. Ukiongeza upepo wa kusi unaorusha munyu wa bahari kwenye majani ya vichaka vya pwani, utaelewa kwa nini kila kinachoishi huko kimelazimika kuwa na ujuzi wake.

Nianze na mbuyu, maana ndio ulionipa hifadhi siku ile. Wengi wetu tuliambiwa skuli kwamba mbuyu ni tangi, unajaza maji shinani wakati wa mvua na kuyanywa wakati wa jua. Nusu ya hilo ni kweli. Mti wake si mti kwa maana ya ubao. Ni laini, ukiupiga panga linazama, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Lakini watafiti waliopima maji hayo yanavyotembea ndani ya mibuyu ya Madagascar waligundua kwamba mti hauyatumii kwa kiu ya kila siku. Kiangazi unafanya jambo rahisi zaidi: unaangusha majani yote na kufunga biashara. Akiba unaigusa pale unapotaka kutoa majani mapya kabla mvua haijashika, ili mvua ikifika iukute tayari kazini. Maji yaliyobaki yana kazi nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria: yanaushikilia mti usianguke. Shina laini kiasi kile haliwezi kusimama kwa nguvu ya ubao wake. Linasimama kwa kujazwa, kama mpira wa baiskeli. Mbuyu ukinywa akiba yake yote utalegea.

Na wakati hauna majani unaishi kwa nini? Kwangua gome lake kwa ukucha, kidogo tu. Chini ya ile ngozi ya kijivu kuna utando wa kijani. Shina linapika chakula lenyewe kwa mwanga unaopenya gome. Hata tunda lake limefuata mkondo huo huo: embe na nanasi huvutia kwa maji, lakini buyu linakaukia mtini, na nyama yake ni unga mweupe mkavu uliogandia mbegu. Huo ndio ubuyu tunaoutia sukari na rangi na kuwauzia watoto nje ya skuli.

Mmea wa pili hauna umaarufu huo kwetu, ingawa umesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa maweni. Unaota kivulini chini ya vichaka, majani yake ni ya kijani kizito na yanameta kama yamepakwa mafuta, yamepangwa pande mbili za kikonyo kinene. Wataalamu wanauita Zamioculcas zamiifolia. Asili yake ni ukanda wote wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na visiwa vyetu vimo. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa maua wa Uholanzi wameuzalisha kwa wingi, na leo umekaa kwenye maofisi na sebule za dunia nzima. Ulaya na Marekani wengi wanauita kito cha Zanzibar. Wanaupenda kwa sababu mtu anaweza kusafiri mwezi mzima bila kuumwagilia na akaukuta hai.

Uhai huo umefundishwa na jiwe. Chini ya ardhi una viazi vya mviringo vilivyojaa maji, na vikonyo vyake vilivyovimba vina maji pia. Kiangazi kikizidi huangusha vijani vyake kimoja kimoja, na hapo ndipo ustadi wake ulipo: kila kijani kilichoanguka kinaweza kutoa kiazi kidogo na mizizi, kikawa mmea mpya. Katika ardhi ambayo mbegu huenda ikaangukia jiwe tupu mara nyingi kuliko udongo, mmea huu umejipa njia ya pili ya kuzaa.

Una siri nyingine, ambayo inashirikiwa na msubili, mnyaa, mpungate, na hata nanasi la sokoni. Ili mmea upike chakula ni lazima ufungue vinyweleo vya majani kuingiza hewa. Vikifunguka, maji yanatoka. Mimea mingi hufungua mchana, kwa sababu mwanga ndio moto wa jiko. Lakini mchana wa kaskazi juu ya jiwe, kufungua mlango ni kumwaga maji. Kwa hiyo mimea hii hufungua usiku, kukiwa na baridi na unyevu, huvuta hewa na kuihifadhi ndani kama asidi. Alfajiri inafunga, na mchana inapika ikiwa imejifungia, kwa akiba ya usiku. Msubili unafanya hivyo muda wote. Zamioculcas ina hiari: maji yakiwapo inaishi kama mimea mingine, yakipungua inahamia zamu ya usiku. Mama zetu waliopaka subili kwenye ziwa kumwachisha mtoto kunyonya walikuwa wanatumia uchungu wa mmea ambao hauwezi kuruhusu kila mdomo upitao uyafaidi maji yake.

Vichaka vyenyewe, vile ambavyo macho huviona kama rangi moja, vimegawanyika. Mkwamba huangusha majani kiangazi, ukaonekana fimbo tupu, kisha mvua ya kwanza ukarudi. Mdaa haufanyi hivyo. Majani yake ni magumu kama ngozi, yamefunikwa nta, na unayabakisha mwaka mzima. Huo ndio mdaa ambao mizizi yake ilitoa rangi nyeusi ya kutia ukindu wa mikeka. Mmoja umeamua kujenga majani ya bei rahisi na kuyatupa, mwingine umeamua kujenga majani ya gharama na kuyatunza. Mimi naona uzuri katika hilo, kwamba kwenye hatua tano za jiwe kuna majibu mawili tofauti kabisa kwa swali moja, na yote mawili yamefaulu.

Sasa wanyama, na mbele yao wote ni paa nunga. Ni paa mdogo, kilo 7 hadi 12, rangi ya kutu, na mkanda mweupe unaopita nyuma ya mapaja. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1918, Cephalophus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar. Duniani anapatikana Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Wawindaji wa zamani wa kusini husema paa nunga hanywi maji, na maisha yake yanaelekea kuwaunga mkono. Anakula maua, matunda na majani teketeke yaliyoanguka, na mara nyingi huwafuata kima na ndege wanaodondosha chakula kutoka juu. Ua lililoanguka alfajiri lina umande na lina maji yake ndani. Mchana wa jua kali anajilaza kichakani akicheua. Wengine walihamishiwa kisiwa cha Chumbe, ambacho hakina mto wala kisima, na hata nyumba za wageni pale zinategemea maji ya mvua yanayokusanywa kutoka mapaani. Wameishi humo.

Alifikaje Unguja? Kwa miguu. Wakati wa enzi za barafu bahari ilikuwa chini sana, na mahali penye mkondo wa Zanzibar leo, kati ya Unguja na bara, palikuwa nchi kavu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Fikiria hilo: pundamilia nyuma ya Jambiani. Bahari ilipopanda na Unguja ikawa kisiwa, wale wakubwa wanaohitaji majani mengi na maji ya kunywa walitoweka. Waliobaki ni wadogo wanaoweza kuishi kwa umande na kwa matunda yaliyoanguka. Maweni yaliwachuja. Pemba ilitengana na bara zamani zaidi, kwa mkondo wenye kina kirefu mno, ndiyo sababu paa nunga hayuko huko.

Pelele naye, yule pimbi wa mitini, anastahili neno. Bara ndugu zake wanaishi mitini. Kwetu, kwenye maweni, anatumia nyufa za jiwe kama vyumba. Ndani ya ufa kuna ubaridi ambao nje haupo, na unyevu haupotei. Usiku ukilala kijiji cha pembeni unamsikia akilia, sauti inayopanda na kukwaruza kiasi kwamba mgeni hulala macho wazi. Konokono mkubwa wa ardhini anafanya kama mkwamba: kiangazi hujifunga ndani ya kombe lake kwa utando mkavu mlangoni na kulala wiki hata miezi mpaka mvua imwamshe. Kwenye visiwa vya Chumbe na Misali yuko kaa wa minazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, ambaye ameacha kabisa kupumulia majini, ukimzamisha atakufa. Mchana anajificha ndani ya matundu ya jiwe ili viungo vyake vya kupumulia visikauke.

Ukitaka kumwona bingwa wa kubana maji huna haja ya kwenda popote. Tazama kinyesi cha mjusi kilichodondoka ukutani nyumbani kwako. Ni cheusi chenye ncha nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Sisi tunatoa taka za mwilini tukiwa tumeziyeyusha kwenye maji mengi, yeye anazitoa zikiwa unga, na maji yanarudi mwilini. Ndege nao hivyo hivyo. Ndiyo maana kichaka kikavu kisicho na dimbwi kinaweza kujaa mijusi na ndege.

Kima punju wa vichaka vya Jozani wana tatizo jingine. Majani ya mimea mingi yana kemikali chungu za kujilinda, na yale ya mwembe na mkungu inayoota mashambani pembeni ya msitu yamezidi. Kima hawa wamejifunza kula makaa. Wanaokota vipande kwenye matanuu ya makaa yaliyozimwa, wanatafuna, na makaa yanainasa ile sumu tumboni. Watafiti walilithibitisha hilo katika miaka ya 1990, na ukikaa kimya pembeni ya tanuu lililoachwa unaweza kuliona mwenyewe.

Pemba hupata mvua zaidi, karibu milimita 1,900, na wengi wanaijua kwa mabonde na mikarafuu. Lakini nenda Ngezi, kaskazini magharibi, karibu na Vumawimbi. Ukitoka kwenye msitu mrefu unafika ghafla penye mchanga mweupe, na miti inakoma. Badala yake kuna vichaka vyenye vijani kama sindano, jamii moja na vile vinavyoota juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mvua ni ile ile iliyolisha msitu wa hatua chache nyuma. Kilichobadilika ni mchanga, ambao umeoshwa rutuba yote na hauzuii maji. Sheria ni moja na ya maweni, ila hapa mfujaji ni mchanga.

Watu wa kusini wamelima kwenye maweni kwa karne nyingi, na kilimo chao kilifuata tabia ya ardhi. Unafyeka, unachoma, unapanda mtama, choroko, mbaazi au muhogo kwenye kila kishimo chenye udongo, unajenga ukuta wa mawe kuzuia nguruwe. Baada ya misimu michache unaiacha konde ipumzike. Visiki havikung'olewa, na visiki ndio siri: mizizi yake tayari imo ndani ya nyufa, imeshafika palipo na unyevu, kwa hiyo kichaka kinachipua upya bila kuanza na mbegu. Majani yanaanguka, yanaoza, na kile kiganja cha udongo kinarudi.

Hilo ndilo linalonipa wasiwasi ninapoona mabango ya viwanja. Panga likikata kichaka cha maweni, kichaka kinarudi. Tingatinga likikwangua, linachukua visiki na ule udongo pamoja, na kinachobaki ni jiwe. Mbegu itakayoangukia hapo haina mahali pa kushika. Na kwa sababu jiwe ni lile lile linalopitisha mvua bila kuichuja, shimo la choo lililochimbwa juu yake linapitisha vilivyomo kwenda kwenye maji yale yale yaliyoelea chini. Nimesikia watu wakiyaita maweni pori tupu. Paa nunga hana pori jingine.

Januari iliyopita nilirudi kwenye pango la bibi. Juu, kaskazi ilikuwa imevikausha vichaka mpaka mikwamba imebaki vijiti, na jiwe lilikuwa linachoma hata kupitia kandambili. Mdomoni mwa pango umesimama mti wa jamii ya mikuyu, umejaa majani mabichi kama vile ni mwezi wa Mei. Nilishuka kwa kushikilia ile mizizi tuliyoishikilia zamani, ila safari hii niliifuata kwa macho mpaka mwisho. Inapita kwenye paa la pango, inaning'inia hewani kama kamba, na chini kabisa ncha zake zimechanua nyuzi nyembamba ndani ya maji.